Seli za Shina na Nusu ya Jibu Tuliyoitoa



Mwezi uliopita, baada ya misa ya pili, kamati ya chama chetu ilibaki katika darasa la katekisimu ili kusikiliza ombi la familia moja. Baba wa familia hiyo, mwenzetu wa miaka mingi, alipatwa na shambulio la moyo miaka miwili iliyopita. Tangu siku hiyo hawezi kupanda kilima cha parokia bila kusimama mara tatu. Miguu yake huvimba jioni, na usiku hulala ameegemea mito, kwa maana akilala chali pumzi inamkatika. Kijana wake mkubwa alitoa simu, akatuonyesha tangazo la kliniki moja ya ng'ambo. Lilikuwa na picha ya moyo mwekundu unaong'aa, na ahadi kwamba seli za shina zikichomwa kwa sindano hujenga upya moyo ulioharibika, bila upasuaji, bila hatari, kwa muda wa siku tano. Bei yake ni fedha ambazo mwalimu wa sekondari hazipati kwa miaka sita, hata akiwa hali chakula. Familia ilikwisha kumtafuta mnunuzi wa kiwanja chao na kupokea nusu ya malipo. Walituomba tuchange kilichobaki.

Swali waliloleta kwetu lilikuwa moja tu. «Mwalimu, Eklezia inakataza ao haikatazi?» Tukajibu kama tulivyofundishwa: Eklezia inakataza seli zinazopatikana kwa kuharibu kiinitete cha mwanadamu, lakini haikatazi zile zinazotolewa katika mwili wa mtu mzima bila kumdhuru. Tangazo lilisema seli zitatolewa katika mafuta ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Basi watu walipumua, mtunza hazina akafungua daftari, na mama mmoja akaanzisha wimbo wa shukrani.

Njiani tukirudi nyumbani hatukuwa na amani. Tulikuwa tumejibu seli zinatoka wapi. Hakuna aliyeuliza zikiingia mwilini zinafanya nini, na sisi hatukuuliza pia. Jioni ile tulifungua tena hati Dignitas Personae, iliyotolewa na Kongregasio ya Mafundisho ya Imani mwaka 2008. Kweli inakubali seli za mtu mzima, za damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa, na za kijusi kilichokufa kwa sababu za asili. Lakini palepale inaendelea kusema kwamba hata chimbuko likiwa halali, tiba yenyewe lazima ifuate ukali wa kisayansi na busara, hatari kwa mgonjwa zipunguzwe hadi kiasi kidogo kabisa, na habari zake zitolewe wazi kwa waganga na kwa watu wote. Tulikuwa tumefundisha nusu ya somo. Mwanafunzi wa ualimu akituletea maandalio ya namna hiyo, tungemrudisha akaandae upya.

Tuliomba kamati isubiri mwezi mmoja. Ombi hilo halikupokelewa vizuri na kila mtu. Kuna waliosema kwamba mgonjwa wa moyo hana mwezi wa kuwakopesha walimu wanaopenda kusoma. Maneno hayo yalituchoma, kwa sababu yana ukweli ndani yake. Kwa hiyo tunaandika hapa tulichokipata katika mwezi huo, tukisaidiwa na mganga wa hospitali ambaye alikuwa na subira na maswali yetu.

Tuanze na jina. Kila mkulima wa kwetu anajua kwamba ukikata mgomba, shina lililobaki ardhini linatoa machipukizi. Seli ya shina inafanana na shina hilo: haijawa bado kitu maalumu, na inaweza kuzaa seli za aina mbalimbali. Katika uboho wa mifupa zimo seli za namna hiyo zinazozaa damu kila siku, na ndizo zinazotumiwa tangu miaka mingi kuwatibu watu wenye kansa ya damu na magonjwa mengine ya damu. Tiba hiyo ni ya kweli na imeokoa maisha ya wengi. Hapo ndipo matangazo yanapopata nguvu yake: yanachukua heshima ya tiba iliyothibitishwa na kuipachika juu ya nyingine isiyothibitishwa, kana kwamba ugonjwa wa damu na ugonjwa wa moyo ni shamba moja.

Moyo si mgomba. Mshipa unaoulisha moyo unapozibika, sehemu ya nyama yake inakufa kwa muda wa saa chache, na mahali pale panaota kovu. Kovu halipigi. Sehemu iliyobaki inabeba kazi ya wote, inachoka, inapanuka. Kwa muda mrefu waganga walidhani kwamba seli za nyama ya moyo hazizaliwi tena kamwe baada ya utoto. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba zinazaliwa, lakini kidogo sana: karibu asilimia 1 kwa mwaka kwa kijana wa miaka 25, na chini ya nusu ya asilimia kwa mzee wa miaka 75. Namna walivyopima inastahili kusimuliwa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, kabla ya mapatano ya mwaka 1963, yaliongeza hewani aina moja ya kaboni. Kaboni hiyo iliingia katika mimea, katika chakula, na katika miili ya watu, hata kila seli iliyozaliwa miaka ile ikabaki na muhuri wa tarehe yake. Sisi Wakongomani, ambao urani ya Shinkolobwe yetu iliingia katika mabomu ya kwanza kabisa, tuna sababu ya kushangaa kidogo kwamba kitu kilichotengenezwa kuua kilikuja kutumika kuhesabu seli za moyo.

Mwili unatengeneza nyama ya moyo, basi, lakini kwa mwendo usioweza kuziba kovu kubwa. Ndiyo maana waganga walitaka kuusaidia. Shauku hiyo ilikuwa njema, na hatupendi msomaji afikiri kwamba jambo zima ni udanganyifu.

Mwaka 2001 jarida Nature lilichapisha utafiti wa kundi moja la Marekani, likisema kwamba seli za uboho zilizochomwa katika mioyo ya panya zimegeuka kuwa nyama ya moyo. Habari ilienea kama moto wa kiangazi, na baada ya muda mfupi wagonjwa walianza kupewa seli za uboho wao. Mwaka 2004, katika jarida lilelile, makundi mawili mengine yaliandika kwamba yamerudia kazi hiyo na hayakuona seli za uboho zikigeuka kuwa moyo. Pengine hapo ndipo breki zingepigwa. Hazikupigwa. Maabara ya yule profesa wa kwanza, Piero Anversa, iliendelea kuchapisha na kupokea fedha. Mwaka 2017 hospitali ya Brigham and Women's ya Boston, pamoja na shirika lake mama, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 10 kwa sababu ya tuhuma juu ya fedha za utafiti zilizoombwa na maabara hiyo. Mwaka 2018 hospitali hiyo na chuo cha uganga cha Harvard vikatangaza kwamba makala 31 kutoka maabara hiyo zilikuwa na takwimu za uongo au zilizogeuzwa, na kwamba zapaswa kufutwa. Jaribio la tiba kwa watu lililokuwa limechapishwa katika The Lancet mwaka 2011 nalo lilifutwa mwaka 2019.

Tumekaa sana juu ya habari hiyo kwa makusudi. Ndugu mmoja alituambia: «Kama tiba ni ya uongo, Wazungu wangekwisha kuigundua.» Wameigundua, ndiyo, lakini baada ya miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo kuna wagonjwa walioweka mioyo yao chini ya sindano wakiamini kwamba msingi umekwisha kuwekwa. Uongo wa mwenye elimu unatembea mbali kuliko wa mjinga, kwa sababu anayeusikia hana njia ya kuupima.

Sasa tuje kwenye usalama wenyewe. Hatari si moja. Inategemea ni seli ya namna gani.

Mwezi wa sita mwaka 2000, huko Paris, kundi la Profesa Philippe Menasché lilichukua seli changa katika nyama ya paja la mgonjwa, likazikuza, likazipandikiza katika moyo wake. Wazo lilikuwa la akili: nyama kwa nyama. Lakini nyama ya paja haizungumzi na nyama ya moyo. Moyo unapiga kwa sababu seli zake zinapokezana umeme kwa mpango mmoja, kama wapiga ngoma wanaosikilizana. Ukiweka kati yao kundi lisilosikia, mapigo yanaweza kuvurugika. Katika wagonjwa 10 wa kwanza, 4 walipatwa na mapigo ya kasi ya hatari, na ilibidi wawekewe kifaa cha kushtua moyo ndani ya kifua. Jaribio kubwa lililofuata, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2008, liliwapa wagonjwa wote kifaa hicho tangu mwanzo, na halikuonyesha kwamba seli zile zimeongeza nguvu ya moyo. Tunaheshimu jinsi watafiti hao walivyoandika madhara waliyoyaona bila kuyaficha. Kwa sababu yao leo tunajua.

Seli za uboho hazikuleta shida hiyo. Wagonjwa wengi katika nchi nyingi wamezipata ndani ya majaribio yenye utaratibu, na kwa jumla hawakudhurika kuliko wenzao wasiozipata. Hili lazima tulikiri wazi. Lakini hawakupona kuliko wenzao pia, au faida ilikuwa ndogo na isiyo ya hakika. Jaribio la Ulaya lililoitwa BAMI lilipanga kupokea wagonjwa 3.000 ili kujibu swali mara moja kwa wote. Lilipata 375 tu, likatoa matokeo mwaka 2020 bila kuweza kuamua. Jaribio lingine, DREAM-HF, lililochapishwa mwaka 2023, lilihusisha watu zaidi ya 500 wenye moyo dhaifu, ambao baadhi yao walipewa seli za wafadhili wengine. Hazikuwadhuru. Lengo lake kuu, yaani kupunguza kurudi hospitalini kwa sababu ya moyo kushindwa, halikufikiwa, ingawa watafiti waliona dalili fulani za faida ambazo wangependa kuzichunguza tena.

Angalieni jinsi neno «salama» linavyobadilika hapo. Mtafiti akisema tiba ni salama, maana yake ni kwamba watu hawa, idadi hii, waliochaguliwa hivi, waliopewa seli zilizosafishwa hivi na kufuatwa kwa muda huu, hawakuumia kuliko kundi lililochomwa sindano isiyo na kitu. Mwenye kliniki analichukua neno lilelile na kulitafsiri: hakuna kitakachokupata. Naye hana kundi la kulinganisha, wala hamfuati mgonjwa baada ya kupanda ndege. Hatujui hata kama kilicho ndani ya sindano yake ni kitu kilekile.

Aina ya tatu ndiyo yenye matumaini makubwa na yenye kutaka uangalifu mkubwa. Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na mwaka 2007 kwa mwanadamu, kwamba seli ya kawaida ya mtu mzima, kwa mfano ya ngozi, inaweza kurudishwa nyuma mpaka ikawa kama seli ya mwanzo kabisa. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza John Gurdon. Kwetu sisi Wakatoliki ilikuwa habari ya furaha, maana ilifungua njia isiyopita juu ya viinitete. Kutokana na seli hizo watu wanaweza kukuza nyama halisi ya moyo inayopiga ndani ya chombo. Lakini seli moja iliyobaki bila kukomaa inaweza kuzaa uvimbe. Majaribio juu ya nyani yalionyesha kwamba nyama mpya, kabla ya kuzoeana na ya zamani, inaweza kuleta mapigo ya kasi kwa majuma. Na kama seli ni za mtu mwingine, mgonjwa hupewa dawa za kuzuia kinga ya mwili isizikatae. Tuwaze dawa hizo katika nchi yenye kifua kikuu, malaria, na famasia ambayo leo ina dawa na kesho haina.

Hata hivyo kazi inaendelea. Mwaka 2025 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walieleza katika Nature juu ya mama mmoja wa miaka 46 aliyeshonewa juu ya moyo wake kiraka cha nyama iliyokuzwa kwa njia hiyo. Baada ya miezi mitatu alipata moyo wa kupandikizwa, na waganga walipouchunguza moyo wake wa zamani waliona kiraka kingali hai, kimepata mishipa ya damu. Ni jambo la ajabu. Lakini lilifanywa kwa upasuaji, hospitalini, baada ya miaka ya majaribio juu ya wanyama, kwa mgonjwa aliyekuwa akisubiri moyo mwingine. Mwenye tangazo anayeahidi siku tano kwa mafuta ya tumbo anazungumza juu ya kitu kingine kabisa.

Na madhara ya kliniki za namna hiyo yameandikwa. Mwaka 2017 waganga wa Marekani walieleza juu ya wanawake watatu wa Florida waliochomwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta yao wenyewe. Walipoteza uwezo wa kuona au karibu wote. Kila mmoja alikuwa amelipa dola 5.000, na baadhi yao walidhani wako katika jaribio rasmi la tiba. Mwaka 2018 wagonjwa 12 katika majimbo matatu ya Marekani waliingiwa na bakteria katika damu au viungo kutokana na bidhaa za damu ya kitovu zilizouzwa kama tiba. Mwaka 2009 iliandikwa habari ya kijana wa Israeli aliyepelekwa Moscow mara kadhaa na kupewa seli za vijusi katika ubongo. Miaka minne baada ya sindano ya kwanza alionekana na uvimbe katika ubongo na uti wa mgongo, na uchunguzi ulionyesha kwamba ulitokana na seli za wale vijusi.

Jambo la fedha katika habari ya Florida lina uzito. Katika majaribio ya kweli mgonjwa kwa kawaida halipii kitu kinachojaribiwa. Ndiye anayetoa zawadi, kwa kuukubali mwili wake uwe mahali pa kujifunzia. Anayemtoza fedha nyingi na bado kumwita mshiriki wa utafiti amegeuza mambo juu chini. Tunajua kwamba wagonjwa wengi wa kwetu husafiri kwenda India, na wengi walirudi wakiwa wametibiwa vizuri mioyo yao kwa upasuaji unaojulikana. Nchi hiyo yenyewe, katika mwongozo wake wa taifa wa mwaka 2017, ilisema kwamba matumizi ya seli za shina yanayokubalika kama tiba ni yale ya magonjwa ya damu, na mengine yote yafanyike tu ndani ya majaribio yaliyosajiliwa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kliniki yoyote, popote ilipo, iko upande gani wa mstari huo.

Tuje sasa kwenye neno lililotupa taabu kuliko yote. Mwenzetu mgonjwa mwenyewe alituambia, kwa upole wake wa siku zote: «Mwalimu, mtu anayekufa anapoteza nini?»

Hatukumjibu siku ile. Si neno la kujibiwa mlangoni. Lakini tumelifikiri, na tunaona kwamba anacho cha kupoteza. Kuna dawa zake, kwanza. Tiba ya kawaida ya moyo uliochoka, yaani vidonge vya kushusha kazi ya moyo, vya kutoa maji, vya kulinda misuli yake, imethibitishwa kwa maelfu ya wagonjwa kwamba inaongeza miaka na kupunguza mateso. Kijana wake alituambia kwamba tangu wiki sita wamepunguza vidonge ili fedha ziingie katika mfuko wa safari. Tuliposikia hayo tulikosa usingizi. Hatari ya seli ilikuwa imekwisha kuanza kabla ya sindano, hapa nyumbani, bila seli hata moja. Halafu kuna safari ndefu ya ndege kwa mtu anayekosa pumzi akilala. Kuna kiwanja, ambacho ni karo ya wadogo wawili na kaburi la amani la mama yao siku atakapokuwa mjane. Na kuna siku zenyewe. Siku za mgonjwa si takataka kwa sababu ni chache.

Tunajua pia kwamba ni rahisi kuandika hivi tukiwa na moyo unaopiga sawasawa. Hatumkatazi. Hatuna mamlaka ya kumkataza mtu mzima kutumia mali yake, na akiamua kwenda tutamsindikiza hadi uwanja wa ndege na kumwombea. Tunachokataa ni sanduku la chama kuwa mdhamini wa tangazo. Tukitangaza mchango kutoka mimbari ya chama, watu hawatasikia kwamba tunamhurumia ndugu. Watasikia kwamba walimu wa dini wameichunguza tiba ile na kuiona njema, na mwezi ujao itakuja familia nyingine na simu nyingine.

Tena, mioyo inayoharibika zaidi kati yetu haiharibiki kwa njia ambayo seli hizo zinadai kuponya. Watoto na vijana wengi wa kwetu wanaovimba miguu wameharibikiwa na vali, zile milango midogo ya moyo, kwa sababu ya baridi yabisi inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa. Hakuna sindano ya seli inayotengeneza mlango huo. Lakini iko sindano nyingine, ya zamani na ya bei ndogo, ya penisilini, inayochomwa kila wiki nne. Katika Uganda, jirani zetu, watoto 818 wenye dalili za mwanzo zilizoonekana kwa ekografia tu walifuatwa kwa miaka miwili, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Katika wale waliochomwa penisilini, chini ya 1 kwa 100 ndio waliozidiwa na ugonjwa. Katika wale wasiochomwa, 8 kwa 100. Hatujaona tangazo hata moja la simu lenye picha ya moyo unaong'aa linalosifu penisilini. Katika darasa letu la komunyo ya kwanza wapo watoto wawili wanaochoka haraka wakicheza, na mpaka mwezi huu hatukuwahi kuwauliza wazazi wao kama wamewahi kupimwa.

Katika kikao kijacho, Dominika ya tatu, tutapendekeza mambo machache. Chama kilipie mara moja dawa za mwenzetu kwa miezi kumi na miwili, na zinunuliwe katika famasia ya hospitali, si sokoni. Kilipie safari yake hadi kwa mganga mtaalamu wa moyo, pamoja na ekografia mpya, ili tujue kama kuna mshipa unaoweza kufunguliwa au kifaa kinachoweza kumsaidia. Mtaalamu huyo akijua jaribio la kweli linalopokea wagonjwa kama yeye, tutarudi kuzungumza upya, na daftari la mtunza hazina litafunguliwa. Na mnunuzi wa kiwanja aombwe kungoja; ni mkristu wa parokia ya jirani, tunaamini atasikia.

Kwa ombi letu, kijana aliiandikia kliniki maswali manne. Je, tiba hii imesajiliwa kama jaribio, na kwa namba gani? Ni wagonjwa wangapi wa moyo waliotibiwa, na wangapi kati yao walipata mapigo mabaya au kufa katika mwaka wa kwanza? Nani aliyechapisha matokeo hayo? Nani atakayemhudumia baba akipatwa na shida amekwisha kurudi Kongo? Jibu lilifika kabla ya jioni. Lilikuwa la heshima sana, na lilisema kwamba wanaolipa kabla ya mwisho wa mwezi wanapunguziwa asilimia kumi na tano. Juu ya maswali manne halikuwa na neno.

Tumelitia jibu hilo katika bahasha pamoja na karatasi nyingine za kikao. Vidonge alianza tena kuvimeza vyote tangu Jumatano.